Bamdogo na mlima wa Waskoti

Mwezi wa nane nilipanda Ben Nevis kwa ajili ya bamdogo. Ndio mlima mrefu kuliko yote Uskoti, na Uingereza nzima: mita 1,345. Marehemu angecheka. Lango la Marangu la Kilimanjaro, pale mpagazi anapoanza kujitwisha mzigo, lenyewe liko juu kuliko hicho kilele.

Bamdogo alikuwa mgumu. Ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyoitana. Miaka mingi alipandisha mizigo ya wageni kwenye vituo vya njiani, Mandara, Horombo, Kibo, baadaye ndipo akawa kiongozi. Ungedhani mtu wa hivyo akipata mapumziko analala. Wapi! Jumapili tukitoka misa anavua shati la kanisani, anashika panga, tunapandisha kando ya mfongo, mfereji wetu wa maji, tunakatiza vihamba, mashamba ya migomba ya watu, mpaka ukingoni mwa msitu. Hapo anakaa juu ya gogo kutazama mbega wanavyoruka. Hatafuti kuni wala asali. Mama mdogo alishachoka kumuuliza anafuata nini huko. Siku moja nikamuuliza mimi. Akajipapasa shingo, akasema, "Kule juu natazama visigino vya aliye mbele yangu. Leo natazama miti."

Alifariki Februari. Karatasi zangu zilikuwa bado hazijarudi, kwa hiyo nilimzika kwenye simu. Mdogo wangu aliinyanyua juu ya vichwa vya watu. Mtandao ukakatika jeneza likishushwa, uliporudi walikuwa wameshafukia.

Sasa huo mlima niliouita mdogo. Dharau yangu iliishia nusu ya njia. Unaanzia karibu kabisa na usawa wa bahari, kwa hiyo mita zote hizo unazilipa kwa magoti yako, jiwe kwa jiwe. Huko juu ni ukungu na mvua inayokuja ubavuni, unafuata marundo ya mawe yaliyopangwa kuonyesha njia, maana upande wa kaskazini ni genge tupu. Nami nilikuwa nimebeba begi kama nahama: koti la pili, chupa mbili za chai, hata mwavuli, jamani. Njia nzima nilitazama viatu vya kijana aliyekuwa mbele yangu.

Wakati wa kushuka, ukungu ulipoachia, nikalitua begi nikakaa juu ya jiwe. Nilikaa sana. Mzee mmoja na mbwa wake alisimama kuniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, natazama tu.

Jioni nikampigia mdogo wangu. Nilitaka anikatie isale aliweke kaburini, kwetu ndilo jani la kuombea radhi. Akaniambia mama mdogo alishalipanda wiki ileile ya mazishi, akasema hili ni la yule aliye Uskoti. Kuku walilifukua mara moja, wakalirudishia.