Ijumaa yangu cherehanini, nikishona kanzu ya mkaapweke

Saa kumi na nusu alfajiri nishaamka, hapa kwetu Likoni adhana ndiyo alamu yangu. Nasali rosari jikoni maji ya chai yakichemka, na saa kumi na mbili niko feri. Leo foleni si mchezo, nimebanwa kati ya mama wa samaki na kijana wa baiskeli, nimekumbatia mfuko wa tetroni nyeupe kama mtoto maana ikichafuka nimekwisha, hiyo kanzu ni ya igizo la vijana wa parokia tarehe 1 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Charles de Foucauld, na mazoezi yao ni leo jioni.

Saa moja na nusu nafungua kibanda Mwembe Tayari. Mahamri na mbaazi, halafu napima na kukata. Kanzu yenyewe haina kazi, nimeshona kanzu mimi tangu niko msichana. Kazi iko kifuani. Yule mtakatifu alivaa nguo nyeupe iliyoshonewa moyo wa kitambaa chekundu, juu ya moyo msalaba. Moyo wa kwanza nilikata mnene na pembe zake zikakunjamana nilipopiga pasi. Nikautoa.

Saa nne jirani yangu akaingia, mzee anayeshona kofia za mkono kibanda cha pili.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Huo moyo wa nini?"

Nikamwambia ukae ami, ni hadithi ndefu. Ni Mfaransa, kazaliwa 1858 mji wa Strasbourg, akawa yatima bado mdogo, akalelewa na babu yake. Ukubwani imani ikamtoka kabisa. Akawa afisa wa jeshi, akaacha, 1883 akaingia Morocco akijifanya Myahudi ili apite salama, na huko ndiko akaona Waislamu wanavyosali, mtu anaacha alichoshika anamwelekea Mungu, ikamtikisa. 1886 akiwa Paris akarudi kuungama. Mimi hapo huwa nanyamaza kidogo kila nikisimulia, maana na mimi naamshwa na adhana kila siku, nashika rosari yangu.

1890 akawa mtawa wa Watrapisti, wale watawa wa kimya, sala na kazi za mikono, Ufaransa kisha Siria. Alitaka umaskini kuliko ule, basi 1897 akatoka, akakaa Nazareti kwenye kijumba cha bustani cha masista Waklara akiwa mtumishi wao. Akapewa upadre 1901, akaenda jangwani Algeria, kwanza Béni Abbès, na 1905 akahamia Tamanrasset, kusini mwa Algeria, kwa Watuareg, wafugaji Waislamu wa Sahara.

Saa sita na robo ami akaenda msikitini akaniachia ufunguo wake, kama kila Ijumaa. Nikakata moyo wa pili, mwembamba, nikaupindia ndani nusu ya ukucha na kuutia tanzi kwa mkono. Wateja wakapita, zipu, suruali ya kupunguza, mama mmoja na dera. Watu hudhani mkaapweke ni mtu aliyekimbia binadamu. Huyu kule Béni Abbès mlango uligongwa kutwa, watumwa, wagonjwa, wasafiri, askari, na nyumba yake aliiita nyumba ya undugu. Utumwa aliukemea wazi kwa barua na watumwa kadhaa akawakomboa kwa pesa. Alitaka kila mtu amwone ni ndugu, Muislamu, Mkristo, Myahudi.

Saa nane ami karudi na bakuli la wali wa nazi kutoka kwao, tukala joto likiwa limetushika shingo.

"Na hao Watuareg, aliwabatiza wangapi?"

Nikasema ami, karibu hakuna. Aliishi nao miaka 11, akajifunza lugha yao, akaandika kamusi yao iliyokuja kuchapishwa mabuku manne yeye ashakufa. Januari 1908 ilikuwa ukame, akaugua hata kusimama hawezi, na wale majirani Waislamu wakazunguka kutafuta mbuzi wenye maziwa wakati wenyewe wana njaa, wakamletea, akapona. Yeye aliyekwenda kuwapa ndiye akapewa. 1911 akajijengea hata kijumba cha mawe kule Assekrem, mlimani mita karibu 2,700, lakini bado ni kwenye njia ya watu wake. Aliuawa kwa risasi mlangoni kwake Tamanrasset tarehe 1 Desemba 1916, hana mfuasi hata mmoja. Mashirika yaliyofuata njia yake yalikuja baadaye, na Papa Francis akamtangaza mtakatifu 15 Mei 2022.

Ami hakusema kitu. Akavuta ile kanzu, akaangalia tanzi yangu, akaingia kwake akatoka na sindano nyembamba na uzi mwekundu wa hariri, akauzungushia moyo mshono wa kofia, taratibu, karibu saa nzima, miwani imemshuka puani. Pesa alikataa.

Saa kumi na mbili jioni niko parokiani. Kijana anayeigiza akaivaa, akapitisha kidole pembeni mwa moyo, akauliza, "Auntie, hii umefanyaje?"

Nikamwambia hiyo si yangu, ni ya ami wa kofia, jirani yangu.

Pindo limezidi inchi mbili. Saa mbili usiku niko feri tena na mfuko wangu, Jumatatu nitalipunguza.