Kupunguza mwili bila kuacha vyuma

Jamani hii ya kukimbia tu asubuhi alafu unashinda njaa mi siikubali, maana mwili ukinyimwa chakula hauchomi mafuta peke yake, unakula na misuli, ndo unakuta mtu kapungua kilo ila kalegea. Mi nanyanyua vyuma vizito vilevile, skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani) na dedilifti (kuinua chuma kutoka chini), wali na chapati napunguza kidogo tu, siyo kujitesa. Protini ndo siichezei, kama gramu 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wako, na mayai, maharage na dagaa vinakufikisha (yale mapoda ya protini ya bei waachieni wenye hela zao). Mzani nao unaweza ukagoma wiki nzima huku suruali inapwaya, kwa hiyo pima na kiuno.