Namaliza kiti cha kwanza
Jamani nimepotea kidogo, kazi imenibana vibaya. Kwa wasiojua, ukitaka kuwa solicitor (aina ya wakili) Uingereza unapitia kama miaka 2 ya mafunzo kazini, na kwenye haya makampuni makubwa ya London mara nyingi wanaigawa idara 4, miezi 6 kila moja, wenyewe wanaziita viti. Mimi ndo namaliza kiti cha kwanza, mikopo ya mabenki, na zile sheria nilizokesha nazo sijui nimezitumia siku ngapi maana kazi yangu kubwa ni kukimbizana na saini za watu, unakuta mkurugenzi mmoja yuko kwenye ndege, mwingine kasaini ukurasa wa mkataba mwingine kabisa, na dili inafungwa usiku huohuo.

Halafu kampuni ikishaweka mali zake dhamana lazima hiyo dhamana isajiliwe Companies House, ofisi ya serikali inayosajili makampuni, ndani ya siku 21, ukipitisha alafu kampuni ikafilisika benki ndo imeumia. Hiyo tarehe nimeiandika kila mahali, bado mkononi tu.

Ila kinachonichosha kuliko vyote ni kuandika muda. Kila dakika 6 ni kipande kimoja na kila kipande lazima kiwe na jina la mteja. Juzi nimetoka hoi kabisa, kuhesabu napata masaa 5, hayo mengine yameenda wapi sijui, bosi naye kaniuliza hivyohivyo.

Jumatatu nahamia idara ya kesi. Nasikia huko ni kupanga mafaili ya mahakama mpaka unaota namba za kurasa.