Dakika tano za kila asubuhi

Siku ya nne hii nalala na neno moja na bado halijashuka kooni. "Kwa hivyo ni wewe unayeinywesha maji." Ndivyo alivyosema mzee fundi siku ya Jumanne, amelala chali chini ya Datsun, gari ya marehemu baba, mimi naona miguu yake tu, na wala hakusema kwa ubaya, hilo ndo linaloniuma zaidi, alisema vile mtu anavyosema jua limetua.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo, hoteli imefunga mpaka Julai na sisi wa stoo tumeambiwa tungoje simu, Jumapili tukamwoza mtoto wa ami kule Mambrui, mashallah, pilau ilitosha mpaka majirani. Lakini nikikaa peke yangu ni lile bomba la moshi la gari tu.

Wenye kuijua gari ya baba mwajua. Datsun 160J, ukoo mmoja na zile dereva Shekhar Mehta alizoshindia mashindano ya Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982, na baba alikuwa akiitaja hiyo miaka kama miaka tuliyozaliwa sisi. Ekzosi ya ubavuni, yaani mabomba ya moshi, haikutoka nayo kiwandani, hiyo aliitengenezesha mwenyewe Mombasa, mabomba mawili, moja kila upande, yanapita chini ya milango na kutokea mbele ya gurudumu la nyuma. Chuma cha kawaida kimepigwa nikeli. (Watu twasema nikeli, lakini kinachong'aa pale juu ni kromu, nikeli iko chini yake.) Bomba la kushoto ndilo lililonichoma shavu la mguu nikiwa na miaka 9, kovu nimeshaliandika humu.

Tangu baba atutoke sijaiacha ile gari hata wiki moja. Kila Ijumaa naiosha, mabomba nayasugua kwa foili iliyokunjwakunjwa na ndimu mpaka najiona uso, halafu napaka nta. Na kila asubuhi, kabla sijatoka, naiwasha dakika tano. Betri isife, oili izunguke, ndivyo nilivyokuwa nikijiambia. Ukweli ni kwamba mama hukaa barazani na chai yake, na ile sauti ikianza huweka kikombe chini akasikiliza. Sijawahi kumuuliza anasikiliza nini.

Basi Jumanne fundi akaja kwa sababu nilisikia sauti imebadilika upande wa kushoto, imekuwa nzito, kama mtu mwenye mafua. Akalala chini na bisibisi yake, akaanza kugonga kwa ule mpini. Mbele chuma kinalia vizuri, ngring, ngring. Akafika kwenye sailensa, karibu na maungio, dup. Akagonga tena, dup, na kitu kikamwagika kifuani kwake, magamba mekundu yamechanganyika na masizi meusi. Akayashika kwenye kiganja akanitolea mkono nione.

"Huiwasha mara ngapi, mwanangu?"

"Kila siku, mzee. Asubuhi, dakika tano."

"Huenda nayo wapi?"

"Siendi popote. Naiwasha tu."

Akanyamaza kidogo. Ndo akasema lile neno.

Nimeirudia hii mazungumzo mara sijui ngapi. Kitandani, msikitini (Mungu anisamehe), nikikuna nazi Jumatano manake mke wangu alikuwa kwao. Kila mara najaribu kutafuta pale ningeweza kujibu kitu na sipaoni. Kwa sababu ni kweli. Petroli ikiungua hutoa maji, ndani yake mna haidrojeni na ikikutana na oksijeni ya hewa inakuwa mvuke, na si kidogo, lita moja ya petroli yatoa takriban lita nzima ya maji. Ukienda safari ya maana bomba lote linashika moto na ule mvuke unatoka nje kama mvuke. Ukiwasha dakika tano, mbele kumepata moto lakini nyuma bado baridi, mvuke unafika pale unageuka maji, unachanganyika na masizi na asidi kidogo, unakaa. Kesho unaongeza. Kesho kutwa unaongeza. Na ua wetu una mteremko, gari huegeshwa imeinamia kushoto, kwa hivyo yote yaenda upande mmoja. Miaka mitatu nang'arisha nje na bomba linaliwa kwa ndani.

Na hayakuishia hapo. Akauliza naiosha kwa maji gani, nikasema ya kisima, akachovya kidole kwenye ndoo akaonja. Hakusema kitu. Nani asiyejua kisima chetu kina chumvi, chai yenyewe hatupikii, na mimi kila Ijumaa namwagia mabomba ya baba chumvi kwa mkono wangu kana kwamba ile ya upepo wa kusi haitoshi! Nikeli ina vitundu vidogo jicho halivioni, chumvi huingia mle ikaanza kula chuma chini kwa chini, ukija kuona lengelenge juu kazi ilishafanyika zamani. Ndimu nayo ni asidi, lazima uisuuze yote kwa maji matamu ukaushe. Halafu ule utepe wa kuzuia joto niliofunga mabomba kule mbele mwaka jana watoto wasije wakaungua kama mimi, akaukata kwa kisu bila kuniuliza. Chini yake uso wa chuma umekuwa kama biskuti iliyochovywa. Utepe unashika unyevu, asema, uzuri wake ni kwa gari ya mashindano ambayo haikai kupoa.

Nilitaka alaumu kitu kingine. Umri, bahari, fundi wa Mombasa. Hakulaumu hata mimi, alieleza tu, akaniambia sehemu iliyooza tutaikata tuweke stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, nami nikamwambia nitampigia simu, nikaingia ndani nikakaa stoo pale penye magunia ya makaa.

Nilichelewa kuwaambia watu wa nyumbani. Alhamisi ndo nikamwambia mama kwamba sitaiwasha tena asubuhi, nikamweleza na sababu. Nilitegemea ataumia. Akanitazama, akasema, "Babako hakuwa akiiwasha bure hata siku moja."

Nikamuuliza vipi.

"Zile Ijumaa za Gede. Wewe ulidhani twaenda kutembea?"

Jamani. Kila Ijumaa baada ya alasiri baba alitupakia sote nyuma, tunakwenda mpaka Gede, kilomita kama 15, akifika pale njia panda anageuza tunarudi. Hatushuki. Hakuna soda, hakuna maembe, magofu hatukuyaona mpaka nilipokwenda na shule. Dadangu alikuwa akilia kabisa, mbona hatushuki, mbona hatushuki, na baba anasema leo gari ndiyo inayotembea, sisi twaisindikiza. Nilikuwa nikiamini ni ubahili. Kumbe alikuwa akiyakausha mabomba! Nusu saa barabarani, moto umefika mpaka mdomoni, maji yametoka yote. Mama anayajua haya miaka yote hii, mimi sikuwahi kuuliza.

Sijui kwa nini hilo limenipa furaha, maana bomba bado limetoboka. Lakini nilicheka pale barazani mpaka mama naye akacheka, na jana Ijumaa baada ya alasiri nikampandisha mbele, bintiangu nyuma, tukaenda. Gari inanguruma vibaya upande wa kushoto, watu wa bodaboda wanageuka kutazama, bahari nyuma yetu imekuwa nyekundu kwa tope la mto Sabaki kama kila masika. Tulipofika njia panda nikageuza. Mama akagonga dashibodi mara mbili na kidole, vile baba alivyokuwa akifanya.

Fundi nimeshampigia, yuaja Jumatatu. La kushoto atakata pale palipooza na kuunga stenlesi daraja la 304, na hata hiyo ya 304 karibu na bahari huota madoa ya rangi ya chai usipoiosha, kwa hivyo kazi iko palepale. Sailensa zote mbili atazitoboa kitundu cha milimita 3 pale chini kabisa maji yapate pa kutokea. La kulia bado zima, chuma chake kinalia, zaidi ya hicho kitundu nimelikataza lisiguswe, hilo ni la baba vile vile lilivyo. Pale mbele palipofungwa utepe patapigwa brashi ya waya, msasa, thina, halafu rangi ya kuhimili joto, ile inayotaka ipashwe moto kidogokidogo na kupoa kabla ya kwenda mwendo, ukiiwahisha inabanduka. Na tangi la mvua nimelitengea gari, ole wake atakayefulia.

Nimeandika haya ili nilale.

Lakini jana kule nyuma bintiangu alichukua juzuu yake asome njiani, na kwenye kioo nikamwona ameileta karibu na pua kabisa. Nikamwambia nisomee namba ya lile lori mbele yetu, akasema lori gani baba. Lilikuwa hapo tu. Mwalimu wake muhula uliopita alimhamishia dawati la mbele nikadhani ni kwa ajili ya kuongeaongea.