Baiti 56 zilizokataa kufutika

Umeme ulikatika saa mbili usiku. Jenereta ikawaka, seva ya hifadhidata haikutikisika. Kilichozimika ni mashine ya kuhifadhia nakala rudufu: kuna mtu alikuwa ameichomeka ukutani badala ya kwenye UPS (betri ya dharura), na umeme uliporudi haikuwaka yenyewe.

PostgreSQL 10, programu ya hifadhidata yetu, ilikuwa inamalizia COPY (amri ya kunakili jedwali kwenye faili), imeshamwaga jedwali kubwa kwenye mashine hiyo kupitia NFS (njia ya kutumia diski ya mashine nyingine kwa mtandao) na sasa inafunga faili. Mfumo ukaanza kusuasua. Mwenzetu wa zamu akakosa subira, akaupiga mchakato mkuu kill -9 (ishara ya kuua kwa nguvu). Kuwasha tena, ikagoma: logi ikasema kipande cha kumbukumbu ya pamoja (sehemu ya RAM inayotumiwa na michakato kadhaa) chenye ufunguo 5432001 bado kinatumika.

Tukaandika ipcs -m, amri ya kuorodhesha vipande hivyo. Ufunguo 0x0052e2c1 (ndiyo ile ile 5432001 kwa heksadesimali), ukubwa baiti 56, nattch 1. Baiti 56 tu! Tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, kumbukumbu kubwa ya PostgreSQL huchukuliwa kwa mmap, njia nyingine ya kuomba kumbukumbu. Hiki kidogo kimebaki kama komeo la mlango, na nattch ni idadi ya michakato iliyokishika.

Mwenzetu akakimbilia ipcrm -m, amri ya kufuta kipande, na namba ya kitambulisho chake. Haikulalamika, tukadhani yamekwisha. Kuangalia tena ipcs: ufunguo umegeuka 0x00000000, hali ni dest (kinangoja kufutwa), nattch bado 1. Linux haikiondoi kipande kilichoshikwa. Hukitia alama tu, ikangoja wa mwisho aachie. PostgreSQL nayo ikaendelea kukataa, maana inakitafuta kwa kitambulisho kilichoandikwa mstari wa saba wa postmaster.pid (faili ambayo PostgreSQL huiandika inapowaka), si kwa ufunguo peke yake.

Ndipo likaja wazo la kufuta postmaster.pid. Nilimshika mkono, kwa kweli kabisa. Faili hiyo ikiondoka, hifadhidata inaweza kuwaka huku mchakato wa zamani ungali hai na kurasa zake za zamani kichwani. Mchakato huo ukizinduka ukaandika diskini, wawili wanachora kwenye faili zile zile bila kuonana, na uharibifu huo unaweza kukaa kimya mpaka siku mtu anaposoma jedwali.

Mchakato ulioshika kipande tuliupata kwa amri hii, tukiwa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote):

grep SYSV /proc/*/maps

Njia iliyotoka ina namba ya mchakato. Kwa ps, hali yake ilikuwa D (usingizi usiokatizika), na /proc/<namba>/stack ilijaa majina ya NFS: amekwama ndani ya kerneli (kiini cha Linux), anasubiri jibu la mashine iliyozimika. Tulimpiga kill -9, bila matokeo. Ishara inamngoja mlangoni mpaka atoke kwenye huo usubirifu.

Basi dawa haikuwa kwenye hifadhidata hata kidogo. Tulikwenda chumba cha pili, tukabonyeza swichi. NFS ilipoitika, mchakato ukatoka kwenye D na kufa papo hapo, kipande kikatoweka kwenye ipcs chenyewe, na systemctl start ikakubali. Ikasoma logi za WAL (rekodi za mabadiliko ya data), ikafungua milango.

Faili ya COPY tuliitupa kwa kuwa hakuna aliyethibitisha kwamba imekamilika. Nakala ilianza upya asubuhi, baada ya plagi kuhamishiwa kwenye UPS.