PF3 sio tiketi ya kumuona dokta

Watu wengi bongo wanaijua PF3 (fomu ya polisi namba 3) kwa sababu moja tu, umepigwa au umepata ajali, ukifika mapokezi unaambiwa kalete fomu ya polisi kwanza. Kama hali ni mbaya unatakiwa utibiwe kwanza fomu ifuate, sijui kwanini hili bado linabishaniwa.

Ile fomu kazi yake kubwa iko mahakamani. Polisi anajaza sehemu yake, dokta anajaza yake: jeraha liko wapi, lina muda gani, limetokana na kitu butu au chenye makali, anasaini, anagonga muhuri. Nani kafanya haandiki, hata ndugu wang'ang'anie vipi, maana yeye hakuwepo.

Sasa balaa linaanzia hapa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema PF3 ikipokelewa, hakimu lazima amwambie mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka dokta aitwe aulizwe maswali. Hakimu akisahau hiyo sentensi moja, au kielelezo kikapokelewa halafu hakikusomwa kwa sauti pale mahakamani, kesi ikifika Mahakama ya Rufani PF3 inafutwa kwenye kumbukumbu, na imeshatokea mara kibao tu. Yaani dokta kapima vizuri, mtoto wa watu aliyebakwa kavumilia kupimwa, karatasi inatupwa kwa kosa la mtu mwingine kabisa! Afadhali mahakama hiyohiyo ilishasema 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa mwathirika mwenyewe, kwahiyo bila PF3 kesi bado inaweza kusimama.

Matabibu nao wanaikimbia hii fomu na mi siwalaumu sana. Mshkaji wangu yuko kituo cha afya wilayani, aliitwa kwa fomu aliyoijaza kitambo akiwa mkoa mwingine, kapewa asome, kakwama mstari wa pili kwa mwandiko wake mwenyewe, wakili wa upande wa pili anatabasamu tu.

Kwa wazazi na walezi: mtoto akifanyiwa ukatili wa kingono msimuogeshe na nguo msifue, weka kwenye mfuko wa karatasi sio wa plastiki, unyevu unaharibu kile ambacho Mkemia Mkuu angepima. Na muwahi hospitali ndani ya saa 72, dawa za kuzuia HIV hazisubiri upelelezi.