Gunia la ruta na swichi: kipi kibaki, kipi kiondoke

Gunia limekaa uvunguni tangu Ramadhani. Nililinunua kwa hiari yangu mwenyewe, kwenye ofisi moja ya Chumbageni, hapa Tanga, iliyokuwa inahama na kuuza vya zamani kwa bei ya kuzoa: elfu sabini kwa vyote, hakuna kuchagua. Ndani mna swichi mbili za Cisco Catalyst 2950 (visanduku vya kuunganisha kompyuta kwa kebo) zenye porti, yaani matundu ya kebo, 24 kila moja, ruta moja ya Cisco 1841 (kifaa cha kuunganisha mtandao mmoja na mwingine), ruta ndogo mbili za waifai za Linksys WRT54GL, mfuko wa adapta zilizosokotana kama utumbo, na kebo ambazo sikuzihesabu. Juzi mke wangu kanipa siku kumi. Mama yake anakuja kutoka Pangani, na chumba hicho ndicho atakacholala.

"Baba Rehema, chagua: ama mavyuma, ama mama."

Basi mradi umeanza rasmi.

Jumamosi. Nimevitoa uani kuvipangusa. Hewa ya chumvi ya Tanga haina huruma na shaba. Porti saba za swichi moja zina ukijani kwenye meno yake, kama sarafu iliyosahauliwa kisimani. Nimesugua kwa mswaki na spiriti. Nne zimerudi, tatu nimezibandika karatasi ya gundi zisije zikanidanganya siku nyingine. Nani hajawahi kupoteza saa nzima akilaumu kebo, kumbe porti?

Jumapili. Hasara ya kwanza, na ni ya kujitakia. Nimechukua adapta mfukoni, kichwa chake kikaingia vizuri kwenye Linksys, nikawasha. Taa zikamulika mara moja, kisha harufu. Ile harufu, mnaijua. Kusoma kibandiko baada ya maiti: volti 48, ni adapta ya simu za mezani za ofisini. Linksys inataka 12. Sasa kila adapta nimeiandikia volti zake kwa kalamu nene mgongoni. Ilipaswa iwe kazi ya kwanza kabisa.

Jumatatu usiku. Swichi zina neno la siri la wenyewe. Dawa yake haihitaji ujanja: unashika kitufe cha Mode, unachomeka umeme huku umeshika, unangoja, unaachia, halafu kutoka kwenye kompyuta, kupitia ile kebo bapa ya rangi ya samawati ya kuongelea na vifaa vya Cisco, unalibadilisha jina faili la mipangilio, config.text, ili swichi iamke bila kumbukumbu. Mwanzo skrini ilinitapikia herufi za ajabu kwa sababu kasi ya mawasiliano nilikuwa nimeiweka vibaya. Nilipoirudisha 9600, ikasema vizuri.

Ila kabla ya kufuta nililifungua lile faili la zamani, na hapo nikaacha chai ipoe. Kila porti ilikuwa na maelezo: mapokezi, mhasibu, chumba cha bosi. Na maneno ya siri yamefichwa kwa mtindo ule wa Cisco uitwao aina ya 7, ambao si kuficha hata kidogo. Yanafunguka kwa sekunde. Wamehama na funguo za nyumba wameziacha kwenye gunia la mtu baki. Nimefuta yote, pamoja na faili la vlan.dat, lenye orodha ya VLAN (mitandao midogo iliyogawanywa ndani ya swichi moja), ambalo wengi hulisahau kwa kuwa halifutiki pamoja na mipangilio mingine. Ukiuza kifaa chako, futa wewe mwenyewe. Usimtegemee mnunuzi awe na haya.

Jumatano. Leo hesabu ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Kipimo changu cha ukutani kinasema swichi moja inakula takriban wati 30. Ikiwaka mchana na usiku kwa siku 30, ni uniti 21.6. Sisi tunajibana tusivuke uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo swichi moja tu ingemeza zaidi ya robo, tena kwa kuunganisha kompyuta mbili na printa. Kasi yake si tatizo: inakwenda megabiti 100 kwa sekunde, na intaneti yangu haifiki hata robo ya hapo. Tatizo ni tumbo lake. Na feni yake, inayolia kama mashine ya kusaga.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza kama kitu ni kizima. Karibu vyote ni vizima! Nauliza kina kazi gani, na nani atakilipia umeme.

Mpwa wangu anasomea CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, naye hufanya mazoezi kwenye programu tu, chuma hajakishika. Swichi iliyo nzima imekwenda kwake, ya kuwashwa kwa saa mbili jioni na kuzimwa akimaliza. VLAN kwenye 2950 ni VLAN vilevile. Alipoibeba kwenye keria ya baiskeli alisema, "Mjomba, kumbe ni nzito hivi." Basi ameshajifunza jambo moja.

Linksys iliyosalia inabaki. OpenWrt yenyewe, ile programu huria ya kuendeshea ruta, jina lake limetokana na ukoo huu wa WRT54G, lakini yangu ina hifadhi ya megabaiti 4 na RAM 16, na matoleo mapya hayaingii humo tena. Programu isiyopata viraka vya usalama siipi kazi ya kulinda mlango wa intaneti. Nimezima waifai yake, imekuwa swichi ndogo ya porti nne nyuma ya printa. Haina feni, haina kelele.

Swichi ya porti mbovu na Linksys marehemu vimebaki. Kijana wa chuma chakavu alipita na mkokoteni, akaviangalia, akaulizia kebo tu. Anazichoma apate shaba, na moshi wa ile plastiki unatuingia sote madirishani, kwa hiyo nilimnyima. Fundi redio mmoja wa Ngamiani amevichukua hivyo vifaa viwili kwa ajili ya pawasapulai na kapasita, na kebo ndefu nimezikata na kuzitia vichwa vipya.

Imebaki 1841. Watu wa hapa wanasema Tanga ni waja leo, waondoka leo. Huyu mgeni amegoma. Mkwe anafika kesho, na ruta nimeihamishia chini ya meza ya sebuleni, imefunikwa kitambaa. Mama Rehema ameshaweka chungu cha maua juu yake.